Katazo Lilipoondolewa

Harufu ya klorini inanikasirisha. Najua wapo inaowakumbusha hospitali, na wapo inaowakumbusha usafi tu, lakini mimi ikinifikia puani taya zinakaza zenyewe. Juzi nilimpeleka mwanangu kliniki, nikakuta mlangoni wameweka ndoo ya bomba na dada mmoja mwenye aproni anaelekeza watu wanawe. Nikanawa. Yule dada akaniambia kwa upole kabisa, "Samahani mama, ni agizo tu. Si unajua ugonjwa umerudi." Ni agizo tu! Nilipita pale nimefura, mtoto mgongoni ananishangaa, na maskini dada wa watu hakuwa amenikosea chochote. Hasira hii nimekaa nayo tangu nikiwa darasa la tatu. Leo nataka kuwatapikia ninyi wa rika langu, mliokulia Mbeya au Iringa miaka ile ambayo mvua zikianza tu, mnasikia kipindupindu kimeingia.

Tulikuwa tunakaa Iyunga, karibu na barabara kuu, malori yakipita vikombe vinatetemeka kabatini. Baba alikuwa Mhehe wa Kalenga, mama Mnyakyusa wa Tukuyu, na watoto tulikuwa wawili: mimi na mdogo wangu Atupele, tuliyemwita Atu. Mama alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani. Baba alikuwa na kibanda cha vipuri vya baiskeli, lakini ukimuuliza kazi yake hakutaja baiskeli. Alikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, na ujumbe ule aliuvaa kuanzia kofia mpaka mwendo.

Atu alizaliwa na selimundu. Siku hizi neno hilo watu wanalijua, ila wakati ule wengi walisema tu mtoto ana damu mbaya. Macho yake yalikuwa na unjano, na baridi ya asubuhi ikimpata vizuri mifupa ilimuuma akalia mpaka sauti inakatika. Daktari alimwambia mama jambo moja, na mama akalirudia mpaka tukalishika kama sala: huyu mtoto asikaukiwe maji mwilini. Kuhara na kutapika, kwa mtoto mwingine ni kuumwa, kwa huyu ni kufa. Kwa hiyo Atu alitembea na chupa ya maji shingoni, imefungwa kwa utepe alioushona mama mwenyewe. Alikuwa mchokozi balaa. Akitaka nimbebe alisema mifupa inauma, na akishapanda mgongoni anaanza kunipiga visigino niende mbio.

Mama alikuwa na sheria zake kabla ya sheria za mtu yeyote. Maji yalichemshwa, yakapoa kwenye sufuria yenye mfuniko, hakuna kuchota kwa kikombe ulichonywea. Sabuni ilikaa mlangoni, na mgeni yeyote aliyetaka kumshika Atu alioneshwa sabuni kwanza. Na Atu hakula kwa watu. Hii ya mwisho ndiyo iliyomponza mama. Majirani walisema anajifanya Mzungu. Ndugu wa baba walikwenda mbali zaidi, maana kule kwao ukikataa chakula cha mtu umemwambia kitu kibaya sana. Umemwambia ana mkono mbaya, yaani mchawi. Mama alieleza ugonjwa wa Atu mara nyingi, wao wakaitikia "ee, ee, tumeelewa," na mara nyingine walipofika walikuja na karanga mfukoni, wanampenyezea mtoto mama akigeuka.

Kisha kipindupindu kikaja, na katazo likaja. Gari la matangazo lilipita barabara ya Iyunga polepole, spika mbili juu yake. Hakuna kupika wala kula misibani. Hakuna kuuza uji, togwa, pombe za kienyeji wala matunda yaliyokatwa. Hakuna kupeana mikono. Atakayekaidi atachukuliwa hatua. Mimi nilikuwa na imani yangu ya kitoto kuhusu gari lile. Nilidhani linaongea na kipindupindu chenyewe. Nilikipa sura: mzee mwenye kipara na gunia, amekaa pale njia panda, anasikiliza spika ili ajue anaruhusiwa kuingia nyumba gani. Na kwa kuwa baba alitembea nyuma ya gari lile pamoja na bwana afya, nilijua baba ndiye bosi wa yule mzee.

Wakati mtaa mzima unanung'unika, mama alikuwa na nafuu ambayo sikuielewa. Kwa mara ya kwanza alikataa bila kugombana na mtu. Akija jirani na kibakuli cha maharage, mama anasema, "Mwe, ndaga, asante, lakini si unasikia serikali imekataza," na jirani anacheka, anarudi na kibakuli chake, hakuna aliyenuna. Jambo lilelile alilosema miaka yote likaitwa majivuno, sasa limesemwa na spika likawa busara. Nikilifikiria hilo mpaka leo damu inanichemka. Mama mwenye mtoto mgonjwa hakuaminiwa, gari lenye spika likaaminiwa.

Baba naye alikuwa kwenye siku zake tamu. Alipita na bwana afya nyumba kwa nyumba, anachungulia vyoo na mapipa ya maji, anauliza maswali kwa Kiswahili cha ofisini ambacho nyumbani hatukukisikia. Sitasema kazi ile haikuwa na maana. Watu walikuwa wanakufa, na bila shaka wapo wanaotembea leo kwa sababu migahawa michafu ilifungwa. Lakini nilimwona pia asubuhi moja kwa Mama Sara, mjane aliyeuza uji pale karibu na kituo cha malori. Mama Sara alikuwa ametii agizo mpaka unga wa watoto wake ukaisha, ndipo akabandika tena. Baba akaukamata mpini wa sufuria na kuumwaga uji wote mtaroni, ungali unatoa mvuke.

"Baba Neema, jamani," Mama Sara alisema. "Sasa hawa watoto nawalisha nini leo?"

"Agizo ni agizo, mama," baba akajibu. "Sikulitunga mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na begi langu la shule, na ninawaambia ukweli, nilijisikia mtoto wa mtu mkubwa. Mama aliposikia aliingia ndani. Alipima unga wetu nusu, akanituma niupeleke kwa Mama Sara nikipitia nyuma.

Ndani ya katazo hilohilo babu akafariki Kalenga. Hakufa kwa kipindupindu, alikuwa mzee sana, alilala akapitiliza. Tulikwenda kuzika, na mazishi yenyewe yalikuwa ya haraka ajabu. Mtendaji wa kijiji alisimama na mgambo wawili kuhakikisha hakuna moto unaowashwa. Watu walikaa mbalimbali, wakaimba, wakafukia, wakaondoka na njaa zao. Shangazi Konsolata, dada yake baba na mkubwa wa nyumba ile, alilia kilio ambacho hakikuwa cha kifo tu.

"Baba yangu kazikwa kavukavu," alikuwa anasema. "Kama mtu hana watoto! Hata kikombe hakuna!"

Kikombe alichosema kilikuwa jambo la ukoo wao. Akizikwa mkubwa wa nyumba, inapikwa togwa, na watoto na wajukuu wote wanapita kaburini mmoja mmoja, wananywa kwenye kibuyu kimoja. Ananywa wa kwanza, anampa anayefuata, mpaka mtoto wa mwisho, na kinachobaki kinamwagwa juu ya kaburi. Asiyekunywa hamtambui marehemu. Safari hii kibuyu hakikutoka ndani. Baba alimshika dada yake mabega akamwambia avumilie, ni amri, kila nyumba iko hivyo. Na kweli kila nyumba ilikuwa hivyo. Bonde lote la Kalenga, na Mbeya vilevile, watu walizika na kuondoka, wakabaki na deni la chakula kwa wafu wao.

Hilo deni ndilo ambalo hakuna mkubwa aliyelifikiria. Kwa sababu gari la matangazo liliporudi, safari hii na muziki, likisema hali imetulia na shughuli zirejee, nyumba zote zilizozika kavukavu zilikumbuka wafu wao kwa mpigo. Wiki ileile! Kila mahali panachinjwa, kila mahali panatwangwa kimea. Mimi nilidhani yule mzee wa gunia ameamriwa aondoke na ameondoka. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nilikuwa na haki ya kudhani ujinga. Lakini watu wazima, wenye ndevu, waliosoma, wenye kofia za ujumbe, na wao walidhani vivyo hivyo. Walidhani ugonjwa umesikia tangazo.

Shangazi akatuma ujumbe: Jumamosi ni kikombe cha babu, wajukuu wote wafike. Baba aliusoma kwa furaha. Mama alikuwa anapiga pasi barazani, pasi ya mkaa, akaiweka chini.

"Wewe nenda na Neema," alisema. "Mimi nabaki na Atu."

"Atu ni mjukuu. Jina lake litaitwa pale kaburini."

"Waite, waseme anaumwa."

"Mama Neema, katazo limeondolewa. Hukusikia gari?"

"Nimesikia," mama alisema. "Wametangaza watu wafungue migahawa. Hawajatangaza kwamba Atu amepona."

Baba alivua kofia, akaivaa tena. Alisema mama haelewi. Wakati wa katazo alikuwa na la kuwaambia ndugu zake, sasa atasimama mbele yao aseme nini? Atawakataza kwa mamlaka gani?

"Kwa mamlaka ya baba yake," mama alisema.

Walizungumza hivyo mpaka makaa yakapoa. Mwisho wake mama alikubali twende wote, kwa ahadi moja, na ahadi ile niliisikia kwa masikio yangu. Baba aliahidi kwamba Atu atakula na kunywa cha mama tu, na lolote likitokea kule yeye ndiye atakayeongea, kwa kuwa ni ndugu zake. Mama asilazimike kufungua mdomo. "Niachie mimi," alisema.

Basi la asubuhi lilituchukua pale Iyunga, mama amebeba kikapu chenye mayai ya kuchemsha, viazi na galoni ya maji yaliyochemshwa jana yake. Tulipofika Nyololo basi lilisimama, wauzaji wakajaa madirishani na mahindi, na Atu akaanza fujo zake anataka la kuchoma. Mama akampa yai. Atu akalitazama lile yai kwa dharau, akasema Nyololo kuna mahindi na sisi tumekuja na mayai kama kuku. Abiria walicheka, mama mwenyewe alicheka. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka mama akicheka kwa sauti ile, mdomo wazi.

Kalenga tulikuta uwanja umejaa. Walikuwa wametegemea watu wa ukoo, wakaja na watu wa vijiji vya jirani ambao nao walikuwa na njaa ya misiba. "Kamwene, kamwene," kila upande, mikono inapeanwa kwa nguvu kama watu waliofunguliwa kifungo. Nilikwenda kukaa jikoni na mabinti wakubwa. Togwa ilikuwa imepikwa vizuri, uji wake ulichemka sana, ukatiwa kimea cha ulezi, ukalala. Lakini watu walizidi, na pipa likaonekana halitatosha. Shangazi Konsolata akaagiza iongezwe. Binti mmoja akachukua ndoo iliyotoka mtoni, ileile ya kuoshea vyombo, akamimina maji ndani ya pipa, akakoroga, akaonja kama sukari bado ipo. Niliangalia yote hayo kama unavyoangalia mtu anayepika. Kwangu mimi ugonjwa ulishafukuzwa.

Mchana jua likiwa kali tukaenda kaburini. Mzee wa ukoo alinena kwa Kihehe, akamwambia babu kwamba tulichelewa si kwa ubaya, tulizuiwa. Kisha kibuyu kikaanza. Shangazi alikunywa, akampa baba, baba akanywa. Wakafuata wengine kwa umri wao. Nilikunywa mimi, ilikuwa tamu na nzito, ina mchanga kidogo wa ulezi. Nikakirudisha kwa shangazi, na shangazi akakiinamisha kwa Atu, wa mwisho. Mama aliweka mkono begani kwa Atu akamvuta nyuma kidogo. Alimtazama baba, kama walivyopatana.

Baba alikuwa anatazama kaburi.

"Wifi, mwachie mtoto anywe," shangazi alisema.

Mama alisubiri. Baba akakohoa. Basi mama ikabidi aseme mwenyewe. "Wifi, nisamehe sana. Huyu unajua ugonjwa wake. Naomba apite tu hivihivi, amwage hiyo iliyobaki juu ya kaburi, asinywe."

"Si ndivyo mlivyosema siku ya kuzika? Siku ile mlisema serikali, tukanyamaza. Leo serikali imeruhusu. Sasa leo nani anakataza?"

"Nakataza mimi, wifi. Ni mwanangu."

 Ninaikumbuka aibu niliyoiona kwa niaba ya mama, maana nilidhani anawakosea watu adabu mbele ya babu. Watu walianza kuguna. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya kusikika, "Anatuona wachawi huyu." Shangazi akaanza kulia, kilio cha kweli. Alikuwa amebeba aibu ya baba yake kuzikwa kavukavu kwa wiki nyingi, na sasa kikombe kimefika mtu wa mwisho kimegoma. Simchukii shangazi. Alikuwa amekosea, lakini alikosea kwa uchungu. Akamgeukia kaka yake.

"Kaka, wewe unasemaje? Huyu mtoto ni wetu au si wetu?"

Hapo ndipo palipokuwa pake. Mtu aliyemwaga uji wa mjane alikuwa amesimama pale, watu wote wanamtazama, na alichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili tu. Hanywi huyu. Basi. Wangenuna, wangesengenya mpaka Krismasi, pengine wangekaa mwaka mzima hawatutembelei. Tungekuwa na amani gani!

"Isiwe nongwa," baba alisema. "Mama Neema, kidogo tu. Aguse mdomo tu, yaishe."

Akakichukua kibuyu mwenyewe kwa shangazi, akauondoa mkono wa mama begani, akamnywesha. Atu, ambaye maisha yake yote alikatazwa vitu vya watu, na ambaye alikuwa na kiu ya jua, hakugusa mdomo tu. Alikunywa mpaka chini, akafuta midomo kwa mkono, akasema, "Tamu!" Watu wakapiga vigelegele. Shangazi akambeba. Mama alibaki amesimama na chupa ya maji ya Atu mkononi.

Tukaondoka Kalenga kesho kutwa yake asubuhi. Atu alikuwa ameamka mnyonge, hataki kutania, na mama alimlaza mapajani tangu basi linatoka Iringa. Tulipoiacha Mafinga tumbo likaanza. Halikuanza kwa maumivu wala homa, yalikuwa maji tu, yanamtoka kama maji yaliyooshewa mchele, yanapenya kanga, yanashuka chini ya viti. Kisha akatapika. Mama alimpa maji kijiko kwa kijiko, yakarudi. Abiria waliokuwa karibu walihama, wakasongamana nyuma, wengine wamejiziba na vitambaa. Konda alikuja, akatazama sakafu, akarudi mbele kumnong'oneza dereva. Tulipofika Nyololo basi likasimama, na safari hii wauzaji walikatazwa kusogea.

"Mzee, shuka na familia yako," konda alisema. "Hii gari wakijua itafungiwa."

"Tupeleke hata mpaka hospitali ya mbele," mama alisema. "Nakuomba, mwanangu."

"Mama, sina la kufanya. Zahanati iko hapo, watakusaidia."

Baba alikuwa tayari ameshashusha kikapu. Hakubishana. Konda alisema kwa sauti ya amri, na baba amri aliijua.

Zahanati walitupokea, siwezi kusema vibaya. Nesi alikimbia kweli, akatafuta mshipa mkono wa kulia, wa kushoto, miguuni, akatafuta kichwani. Mishipa ilikuwa imelala. Macho ya Atu yaliingia ndani, vidole vikakunjamana kama vya bibi kizee, na sauti ikawa ya kukwaruza. Mifupa ilikuwa inamuuma na hakuwa na machozi ya kulilia. Ile harufu ya klorini ilikuwa kila mahali, kwenye sakafu, kwenye viatu vyetu, kwenye nywele zake. Aliniambia nimbebe. Nesi akanizuia, akasema hairuhusiwi. Nilitii. Kabla ya jioni dripu ilikuwa imepata njia hatimaye, inashuka matone mazuri kabisa, na Atu alikuwa ameshakufa.

Hatukuruhusiwa kumsafirisha. Alizikwa palepale Nyololo na watu wa afya, amefungwa kwenye plastiki, kwenye makaburi ya watu tusiowajua. Atu wa Iyunga, mjukuu wa Kalenga na Tukuyu, amelala mji ambao kwetu ulikuwa wa kusimama basi tu. Na ndani ya siku zile zile habari zikaja kwamba Kalenga wameanguka wengi, binti wa jikoni yumo, na bonde zima la mto, na kote walikopika kwa ajili ya wafu wao. Gari la matangazo likarudi barabarani bila muziki. Katazo likarudishwa.

Majirani wakajaa uani kwetu Iyunga kutupa pole. Mama Sara alikuwepo na watoto wake. Wanawake walikaa na mama kwenye mkeka karibu na mlango, wanaume upande wa pili. Shangazi Konsolata alikuwa amelazwa Iringa, hakuja. Nilikaa nyuma ya mama nimeshika kanga yake.

Baba akasimama. Alikuwa amevaa kofia. Akasafisha koo, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya nyuma ya gari, imenyooka, haina hata mkunjo.

"Ndugu majirani, asanteni kwa kufika. Kama mnavyofahamu, kutokana na agizo lililopo, msibani hapa hakutapikwa chakula, wala chai, wala maji hayatagawiwa. Tusipeane mikono. Wanaotoka mbali watatuwia radhi. Naomba sana tuzingatie, ni kwa usalama wetu wote."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akasema, "Sahihi kabisa, mjumbe." Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeuliza kwa mamlaka gani.

Mama alijitoa mikononi mwa wanawake, akanyanyuka. Nilidhani anakwenda kupiga kelele, na wanawake nao walidhani hivyo maana walijiandaa kumshika. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile aliyotumia kumuuliza baba kama amefunga mlango.

"Baba Neema. Kumbe kukataza unaweza."

 Baba alitazama watu, akatazama chini, akakaa. Hakumjibu siku ile, na mama alikufa miaka mingi baadaye hajajibiwa. Yeye bado yupo, amezeeka Iyunga hapohapo, watu wanamheshimu. Ukimuuliza binti yake mdogo alikufa na nini, hatasita hata kidogo. Atakwambia serikali iliharakisha mno kuondoa katazo.